Pacha wa Mashine ya Baba

Akitoka shule, Latifa hakupitia nyumbani. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha baba yake, kinyozi Abubakari, pale Lukozi karibu na kituo cha bodaboda, akavua sweta ya shule na kuanza kazi. Alifagia nywele, akachemsha taulo, akakusanya nyembe zilizotumika na kuzitia kwenye kopo lenye mfuniko. Mteja mmoja, wembe mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba yake, na hakuna mkubwa wala mdogo aliyeachiwa kuivunja.

Vijana walinyolewa kwa mashine ya umeme. Wazee hawakutaka hata kuisikia. Wao walitaka mashine ya wembe, ile ya chuma yenye mpini mfupi. Ukizungusha kitasa cha chini, milango miwili midogo hufunguka juu, unalaza wembe, unafunga, unanyoa. Abubakari aliachiwa mashine hiyo na msimamizi mmoja wa shamba la chai aliyestaafu na kurudi kwao Mbeya, na tangu enzi hizo ilikuwa ya bei mbaya. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kushikwa. Ilikuwa nzito, lakini pole. Hata ukiikandamiza shavuni haikumkata mtu, na Abubakari, kwa miaka kumi na minane, alikuwa amezoea kuikandamiza.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mzee Rajabu, mkulima wa kabichi. Mzee huyu alikuwa na kisukari, na daktari alimwonya kwamba kidonda kidogo kwake si kidogo. Kwa hiyo hakuna mkono mwingine aliouruhusu kumgusa shingo. Wiki hiyo alikuwa na furaha isiyofichika. Mjukuu wake Mwanahamisi, yatima aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa anaolewa Jumamosi iliyofuata mjini Lushoto.

"Baba yake hayupo, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemwozesha," alimwambia kila aliyeingia kibandani. "Nitatamka mwenyewe, kwa mdomo wangu." Kisha akamgeukia Abubakari, akamwita bwana kwa Kisambaa: "Gulio likifika nakuja uninyoe, mghosi. Kesho yake wakwe wanakuja kwangu kumalizia mazungumzo."

Latifa alimpenda mzee huyo. Ndiyo maana siku moja kabla ya gulio aliichukua ile mashine kwenda nayo nyumbani ili aing'arishe. Akaisugua kwa majivu na mchanga, vile vile alivyosugua sufuria ya ugali. Ikang'aa kweli. Lakini mchanga uliingia kwenye kitasa, kikagoma kuzunguka. Akachukua koleo la baba yake, akabana, akazungusha kwa nguvu zote. Kitasa kikakatika na kubaki kwenye koleo.

Hapo ndipo angesema. Ni maneno mawili tu, "Baba, nimeivunja," na hadithi hii isingekuwepo. Abubakari hakuwa mtu wa fimbo. Lakini Latifa alikuwa amezoea kusifiwa, na mtoto aliyezoea kusifiwa huogopa aibu kuliko anavyoogopa hatari. Aliifunga mashine iliyovunjika kwenye kitambaa, akaificha chini ya godoro.

Asubuhi ya gulio alikimbia na pesa zake za kuuza mapeasi hadi kwa Salimu, kijana aliyepanga bidhaa zake juu ya turubai: vioo, vitana, tochi, na mashine za wembe zinazofanana kabisa na ile ya baba yake.

"Shikamoo, kaka Salimu. Hii ni sawasawa na ya baba?"

"Marahaba. Ya baba yako ndiyo iliyoigwa hapa," Salimu alisema, akimfungulia ile milango miwili. "Umbo moja, ni kama pacha. Hii ni ya bei chee, lakini si mbovu. Mimi mwenyewe ndiyo ninayotumia. Ila ni kali kuliko ile. Wembe wake umechungulia nje zaidi. Mwambie baba yako asiikandamize hata kidogo, aiache ipite yenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usisahau, Latifa. Mtu aliyezoea ile ya zamani atakata watu."

Hakusahau. Njia nzima aliyabeba maneno hayo, na alipofika kibandani aliyameza. Angeyasemaje bila kueleza mashine mpya imetoka wapi? Aliiweka kwenye trei, mahali pa ile ya zamani, akatoka kwenda kuchota maji.

Aliporudi, Mzee Rajabu alikuwa ameshakaa kitini, povu hadi masikioni, na wateja wengine wanne wakisubiri kwenye benchi. Abubakari aliipima mashine mkononi.

"Mbona imekuwa nyepesi leo?"

"Niliisugua jana, baba. Nimeitoa uchafu wote."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Mzee Rajabu akacheka ndani ya povu, Abubakari naye akacheka, akajisifia binti. Kisha akaweka wembe mpya, akaupeleka mkono wake shavuni kwa mzee kama alivyoupeleka miaka kumi na minane, akakandamiza.

Damu ilitoka chini ya taya. Mzee aliguna. Abubakari alipaka shabu, akapaka spiriti, akabana kwa pamba safi, lakini mkato ulikuwa mrefu kama nusu kidole. Latifa alisimama na ndoo yake, na bado hakusema. Wateja wanne wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka ghafla shughuli yake.

Siku ya tatu kidonda kilivimba. Siku ya nne Mzee Rajabu alishindwa kufungua mdomo, wakampakia kwenye gari kwenda hospitali ya Lushoto. Jumamosi ikafika, Mwanahamisi akaolewa. Aliyemwozesha alikuwa mdogo wa Mzee Rajabu. Mzee mwenyewe alikuwa kitandani, ameunganishwa na dripu, shavu limefura.

Lukozi haikukaa kimya. Wakasema Abubakari anarudia nyembe. Wakasema anabania matumizi. Hayo yote aliyavumilia, maana alijua si kweli. Lililomuuma ni jingine. Jumatatu jioni Latifa alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, ameunyoosha mkono wa kulia mbele ya kioo, anautazama.

"Nafunga kibanda, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Mkono umezeeka. Nimemkata Mzee Rajabu nikiwa namwangalia. Kinyozi ambaye haujui tena mkono wake ni bora akalime."

Latifa alivumilia kila kitu kasoro hilo. Alilia kwanza, halafu akasema yote: majivu, mchanga, koleo, godoro, Salimu. Na maneno ya Salimu akayasema mwisho, kwa sauti ndogo.

Abubakari aliinuka kutoka kwenye kile kiti.

"Kalete ile iliyovunjika," alisema.

Alizilaza mashine mbili juu ya taulo jeupe, akatia wembe mpya katika kila moja. Ile ya zamani aliibana milango kwa vidole. Kisha akavaa miwani, akamwita binti yake ainame, waangalie pamoja ukingo wa wembe.

"Unaona nini?"

"Zinafanana, baba."

"Tazama vizuri."

Akatazama. Kwenye ile ya zamani, wembe ulionekana kama uzi mwembamba tu, umejificha nyuma ya ukingo wa chuma. Kwenye ile mpya ulichomoza zaidi, si sana, labda unene wa kucha. Abubakari akajipaka povu kwenye mkono wake mwenyewe na kuipitisha mashine mpya juu ya vinyweleo bila kukandamiza. Ilinyoa safi, mara moja, wala hakuchanika.

"Salimu hakukudanganya," alisema kwa uchungu. "Si mashine mbaya. Kwa bei ile ni nzuri mno. Ile ya ghali inamsamehe kinyozi akikosea. Hii haisamehe, inataka mkono mwepesi. Ningeambiwa, ningebadilisha mkono. Ni hilo tu, Latifa. Ningebadilisha mkono."

Alfajiri iliyofuata walishuka Lushoto wawili. Mzee Rajabu alikuwa ameketi kitandani, bandeji kutoka sikioni hadi kidevuni. Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua, na aliweza kuongea kidogo kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Abubakari alibaki mlangoni. "Mwambie mwenyewe," alisema.

Latifa alisimulia. Hakujitetea, hakusema alitaka kumfurahisha mzee, ingawa ilikuwa kweli. Mzee Rajabu alimsikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa dirishani.

"Huyo Salimu alikuambia nini? Nisemee kama alivyosema."

"Alisema, mwambie baba yako asiikandamize hata kidogo, aiache ipite yenyewe."

Mzee aliinua mkono, akagusa bandeji.

"Maneno hayo hayakuwa yako," alisema polepole. "Yalikuwa ya baba yako, na yalikuwa yangu. Wewe ulipewa uyafikishe. Kitu kikivunjika, ni chako kukificha au kukionyesha, na ukikificha utajiumiza mwenyewe. Lakini ukificha onyo, unamficha mwenzako hatari yake. Mashine ya bei rahisi haikunifanya nikae hapa. Wala sikuhitaji ya bei ghali ili nipone, neno moja lingetosha. Nimekaa hapa kwa sababu watu wazima wawili tulikuwa tunacheka, na mtoto mmoja peke yake ndiye aliyejua."

Latifa aliinamisha kichwa. "Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Na nikitoka nitasimama gulioni niwaambie watu baba yako harudii nyembe, wasimwonee." Akapumua. "Atanyoa tena, na huyo pacha wa bei chee atamzoea. Hayo yote yatatengenezeka."

Kisha akachukua simu yake kutoka chini ya mto na kumwonyesha Latifa picha. Mwanahamisi amevaa shela, macho mekundu, na pembeni yake, kwenye kiti cha heshima, ameketi mdogo wa Mzee Rajabu, amevaa kanzu.

"Kanzu hiyo ni yangu," Mzee Rajabu alisema. "Nilikuwa nimeshaipiga pasi."