Mfuko wa Herufi za Mninga

Jumatatu asubuhi, Machi 1954, kabla kengele haijagongwa, Mwalimu Verediana alifungua kabati la darasa la sita akakuta rafu ya juu tupu. Mfuko wa herufi haukuwepo. Kufuli lilikuwa zima, bawaba nzima. Jumamosi mchana, baada ya kazi ya shamba, aliuona mfuko huo kwa macho yake.

Kwa mgeni, herufi zile zilikuwa vipande vya mninga tu. Lakini shule ile ya misheni, huko milimani Mbinga, ilijifunza Kiingereza kwazo. Unachomoa vitatu, tuseme B, R na D, kisha kila mtu anakuna kichwa kutafuta neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote: “bird”, “bread”, “cupboard”. Verediana alikulia kwenye mchezo huo. Alizikumbuka jioni za barazani kwa Mwalimu Mansuetus, watoto wakipukuchua mahindi, yeye akitaja herufi, na mwenye neno refu akipewa hindi la kuchoma. Ilikuwa raha, jamani, na hajapata tena raha kama ile.

Mbali na yeye, wenye ufunguo walikuwa Mansuetus, ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu. Urbani, mwalimu kijana wa Mbamba Bay, kule ziwani. Na Kunigunda, msichana wa darasa la sita aliyefagia chumba. Padre, msimamizi wa shule, alianza na msichana.

“Ijumaa uliondolewa kwenye timu ya herufi ya kushindana na shule ya ufukweni?”

“Ndiyo, Padre.”

“Ukasema nini?”

“Nilisema basi asicheze mtu.” Machozi yalimlengalenga. “Zilikuwa hasira tu, Padre. Sikuchukua.”

“Zisipoonekana hadi Jumamosi, utarudi nyumbani.”

Kurudi nyumbani kulimaanisha kuuaga ualimu, na ualimu ndio ndoto pekee aliyokuwa nayo binti yule. Verediana roho ilimuuma. Akamfuata Urbani.

“Jumamosi mchana ulikwenda wapi?”

“Nilidandia lori kwenda kumwona mama, dada. Nimerudi leo asubuhi. Muulize dereva.”

Dereva aliulizwa, akakubali. Nyumba za walimu na mabweni vikapekuliwa, pasipatikane kitu. Kidole kikabaki kwa Kunigunda.

Jumamosi iliyofuata mama yake, Hildegardi, alifika kumchukua. Verediana hakuweza kutazama mzigo ukifungwa. Aliteremka hadi shamba la shule, kwenye mashimo ya ngoro, yenye kingo za nyasi zilizofukiwa udongo, waliyoyatengeneza wiki iliyopita. Maharage yalikuwa yameanza kuchomoza juu ya kingo zote, isipokuwa ukingo mmoja wa shimo la pembeni. Huo ulikuwa mtupu kabisa.

Alichuchumaa, akaparua udongo kwa vidole. Chini yake nyasi kavu zilikuwa zimelazwa vizuri, zimenyooka, zimeshikana. Mbegu hata moja hakuiona. Aliinuka taratibu, na moyo wake ukawa mzito, maana alikwisha kumjua mtu wake.

Aliwaita Padre, Mansuetus, Kunigunda na mama yake. Hildegardi alikuja na sanduku la bati kichwani.

“Shikamoo, Mwalimu,” Verediana alimwamkia Mansuetus.

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini?”

“Ukingo huu umebomolewa ukajengwa upya. Aliyeujenga anajua kupanga nyasi. Urbani hajui, wiki iliyopita tulimcheka hapa hapa alivyokuwa akizitupa ovyo.”

“Binti anaweza kupanga,” Mansuetus alisema.

“Anaweza. Lakini kwetu mwanamume hufyeka na kupanga nyasi, mwanamke husia maharage ndipo afukie udongo. Kunigunda angesahau jembe kabla ya kusahau mbegu. Mikono yetu imekulia humo. Huyu amepanga vizuri, akafukia, mbegu haikumjia akilini. Ni mwanamume wa huku, ambaye maisha yake yote mbegu zimesiwa na wanawake. Wenye ufunguo ni wanne tu, Mwalimu.”

“Ndege wameyala maharage,” Mansuetus alisema.

Verediana alipiga jembe. Pigo la tatu likainua kipande cha turubai, na ndani yake mfuko.

Mansuetus alikaa chini, palepale kwenye udongo.

“Nilizichonga na rafiki yangu Blasius wakati wa vita,” alisema. “Tulikuwa vijana, hatuna hata kitabu. Blasius amekufa. Halafu Padre analeta boksi jipya la herufi kutoka Ulaya, anasema hizi za mbao zitakuwa zawadi kwa shule itakayoshinda. Wa ufukweni wametushinda miaka miwili! Ningezipeleka kwangu likizo, basi. Nilijua mtoto angesamehewa.”

“Angesamehewa lini, Mwalimu?” Hildegardi aliuliza. “Sanduku lake si hili nimelibeba?”

Verediana alitaka kumwinua mzee aliyemfundisha kila alichokijua, na alitaka pia kumpigia kelele. Hakufanya lolote, alisimama tu akilia.

Mansuetus alijipangusa magoti. Akamwendea Hildegardi, akanyoosha mikono.

“Nipe, mama.”

Akajitwika sanduku kichwani, yeye mwalimu mkuu, akapanda nalo mlima akipita mbele ya wanafunzi wote waliojipanga uwanjani, hadi kwenye bweni la wasichana. Alilitua mlangoni, akageuka na kuwaambia kwa nini amelibeba.