Kiboksi cha Ishirini na Nne

Mimi nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu habari hii imeshazagaa, utaikuta stendi ya Same, utaikuta Kisiwani kwa wauza nyanya, na kule Kileo kuna jamaa anaisimulia utadhani harusi ilifanyika sebuleni kwake, wakati hata kadi hakupata. Mimi nilipata. Nilikula makande siku ile mpaka mkanda ukaomba talaka, pilau nikaipitia mara nne, na kila kilichotokea nilikiona kwa macho haya, ambayo daktari mmoja aliniambia hajawahi kuona mazima namna hii Tanzania nzima.

Mwenye habari yake ni Loth. Loth anauza dawa za mifugo pale Same mjini. Mpole, maneno machache, na utani haujui kabisa. Ukimpa kichekesho Jumatatu atacheka Alhamisi, tena kwa adabu. Ana ugonjwa mmoja tu, picha. Alipata kamera ya mtumba, hakuna aliyemfundisha, akawa anapiga kila kitu: ng'ombe wa Wamasai wanaokuja dukani, milima, na Desemba joto likipamba moto anapiga mijusi inavyovuka lami kwa kurukaruka.

Sasa rafiki yake toka darasa la kwanza, Zebedayo, akapata mchumba, na ndoa ikapangwa Desemba hiyohiyo, wakati Wapare wote wamerudi milimani na hakuna hata kigoda cha kukalia. Zebedayo akakataa wapiga picha wa mjini. Alimtaka Loth. Loth akajitetea kwamba yeye si fundi, ataharibu, lakini mwenzake akamshika mkono.

"Nipigie Careen akicheka," akamwambia. "Moja tu, kaka. Hizo nyingine hata zikiungua."

Careen ndiye bibi harusi. Mwalimu wa chekechea, ana mwanya mbele, na akicheka anaachia mdomo wote, kicheko kinashuka mlimani mpaka tembo wa Mkomazi wanageuza masikio. Loth hakulala wiki mbili akiiwaza picha hiyo moja. Mimi nikajitolea kumbebea begi na kumpangia watu, maana kwa sauti yangu naweza kupanga jeshi.

Kwa kina Zebedayo ni juu kabisa, ukitokea Kisiwani unapanda mpaka masikio yanaziba. Nyuma ya nyumba kuna msitu wa ukoo ambao haukatwi hata ufito, kwa sababu wazee wa zamani wamepumzishwa mle. Mbele ya msitu kuna mwamba bapa kama meza, ukisimama pale tambarare yote unaiona chini yako. Tulipotoka kanisani, kila mtu akataka picha ya ukoo mwambani.

Shangazi Hedwiga, dada yake baba Zebedayo, mama wa kwaya, Mlutheri wa kunyooka kama rula, hakukataa. Ila alitusimamisha njiani akatukumbusha sharti la pale. Mwambani hakaribishwi mtu. Ukiona mtu kasimama peke yake usimsalimie, hata shikamoo usimpe, na usimwite. Mliokuja nao wanatosha. Watu wakaitikia "ndiyo shangazi" kama wanavyoitikia matangazo ya kanisani, huku wanarekebisha tai.

Na picha ya ukoo unaijua mwenyewe. Ukimwacha mtu nje, atalisema jambo hilo kwenye kila msiba mpaka na wewe uzikwe. Kwa hiyo Loth akahesabu watu. Ishirini na watatu. Akaangalia kamera yake. Ile kamera ikiona uso inauwekea kiboksi cha njano, kila uso na chake, na kwenye kioo cha nyuma unaviona vyote. Akahesabu viboksi.

Ishirini na nne.

Cha mwisho kilikuwa pembeni kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kimening'inia hewani kati ya miti miwili, usawa wa kichwa cha mtu mfupi. Loth akafuta lenzi kwa shati. Kikabaki. Akafuta tena. Kikayumba kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu aliyechoka kusimama anabadilisha mguu huku anangoja aitwe.

Na hapo, Loth huyohuyo, sijui siku ile aliingiwa na nini, akatania. Akapaza sauti: "Na wewe mama uliyejificha huko mwisho, karibu, ingia kwenye picha, usije ukasema umeachwa."

Watu wakaangua kicheko. Shangazi Hedwiga peke yake hakucheka. Midomo yake ilikwenda kama anayesali. Kutoka kule kwenye miti ikasikika bangili, mlio mmoja mwembamba, halafu ikapita harufu ya udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa asubuhi. Loth akabonyeza.

Tukashuka nyumbani. Turubai, spika, wapishi, sufuria moja ya makande ambayo ndama angeweza kuogelea akapotea. Loth alipiga kila kitu, na kila alipobonyeza alisikia bangili, akadhani ni za wamama wanaogawa sahani. Wakati wa kungoja keki akakaa nyuma ya spika kuangalia alichokipata.

Kwenye picha ya mwambani alikuwepo mwanamke kati ya miti miwili. Mdogo, mbali, ametupa mgongo. Kwenye picha ya njiani alikuwa nyuma ya msafara, bado mgongo. Getini, amegeuka ubavu. Kwenye picha ya baraka za wazazi alikuwa ndani ya ua, mstari wa nyuma, amejifunika shuka lenye rangi ya majivu. Loth akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena, mpaka akaelewa kwamba huyu mtu hatembei kati ya picha na picha, anatembea kwa picha, kila akibonyeza anampa hatua moja, na hatua zote zinakwenda upande mmoja tu, kule kwenye meza ya maharusi.

Akaitazama hiyo meza kwa macho. Hapakuwa na mtu aliyezidi. Palikuwa na Careen anajisugua kiwiko.

Loth akazima kamera, akaiingiza kwenye begi, akanipa. Mikono yake ilikuwa ya baridi mpaka begi lenyewe lilipoa. Akadhani amemaliza.

Ndipo MC akatangaza keki, na watu wakainuka wote kwa pamoja na simu zao, shangazi, wajomba, wanakwaya, watoto wa chekechea wa Careen, simu arobaini, hamsini, mimi nasema mia tatu, zote zimeelekezwa kwa binti mmoja aliyevaa nyeupe, na Loth akasikia bangili zikilia mfululizo kama mvua ya mawe juu ya bati, akakimbia katikati yao anasukuma mikono, anaziba simu kwa viganja, anawaomba kwa sauti ya chini, tafadhali mama, tafadhali kaka, msipige, mtamfikisha, na wao wanamkwepa na kuendelea kubonyeza, na MC kwenye spika akasema mpiga picha wetu ana wivu, anataka kupiga peke yake, turubai zima likacheka, na kila kicheko kilikuja na mwanga wa simu nyingine.

Careen hakucheka. Alimvuta Loth kwa mkono wa shati akamnong'oneza.

"Loth, nani amenishika kiwiko?"

"Hakuna mtu, dada."

"Ana mkono mdogo. Wa baridi. Mwambie aniachie nikate keki."

Loth akamwendea Zebedayo, akamweleza palepale. Zebedayo akamwambia kama amelewa akalale, ila asimharibie siku. Walikuwa hawajawahi kugombana toka darasa la kwanza.

Siku ya tatu Zebedayo mwenyewe alimpigia simu Loth, analia. Careen alikuwa haongei. Anakaa kwenye kiti amenyoosha mgongo, chumba kinanuka udongo wa shimo hata ukideki mara saba, na watoto wa jirani walipokuja kumwona mwalimu wao walisimama mlangoni wakakataa kuingia, wakamwuliza Zebedayo yule bibi ni nani.

Same mjini kuna mzee Abdulmalik. Mchana anapiga picha za pasipoti, kazi aliyoianza enzi za filamu, na watu wenye mambo yao wanamjua kwa kazi yake nyingine ambayo haina kibao. Tulikwenda watatu, Zebedayo, Loth na mimi. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama, macho yake kwenye kamera. Akazipitia zote, za Loth na za simu tulizokusanya. Kwenye ya mwisho, ya keki, mwanamke alikuwa ameegemeza kidevu kwenye bega la Careen. Uso ulikuwa haujakamilika, kama unga uliokandwa ukaachwa. Mdomo tu ndio ulikuwa tayari. Ulikuwa unacheka, na ulikuwa na mwanya.

"Zamani filamu ilikuwa na picha thelathini na sita," Abdulmalik akasema. "Jini wa namna hii alikuwa anapata hatua thelathini na sita, filamu inakwisha, anachoka, anarudi kwake. Nyinyi mmempa hatua ngapi?"

Loth akasema zake ni mia sita. Za watu hajui.

Mzee akaiweka kamera mezani. Halafu akaeleza kwamba huyu hakuvamia, kwa hiyo hafukuzwi. Kisomo hakimtoi, dawa haimtoi. Alikaribishwa mbele ya watu, kwa hiyo ni mgeni, na mgeni anasindikizwa. Na anayemsindikiza mgeni ni mwenyeji wake, kinywa kilekile kilichosema karibu ndicho kiseme kwaheri, palepale mwambani, kabla hajapata hatua iliyobaki. Ilibaki moja.

"Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi," Loth akajibu upesi.

Kesho yake, jua la saa tisa, tulikuwa mwambani pamoja na mzee Abdulmalik, Shangazi Hedwiga ametangulia amemshika mkwe wake kama anashika yai. Loth alifanya yote kama alivyoelekezwa, akamtandikia mgeni kanga mpya, akammiminia maziwa, akamshukuru kwa kuja, akamwomba radhi kwa kukosa kumpokea vizuri, kisha akatembea kinyumenyume toka kwa Careen mpaka kwenye ile miti miwili, amenyoosha mkono pembeni kama anamwongoza bibi asiyeona vizuri, huku anasema kwaheri mama, fika salama mama, na sauti yake ilikatika mara tatu na mara tatu akaanza upya, na majani ya msitu mzima yalikuwa yametulia kiasi kwamba nilisikia jasho lake linavyodondoka kwenye mwamba.

Bangili haikulia.

Abdulmalik akamwambia awashe kamera, asibonyeze, ahesabu tu. Zebedayo na Careen wakasimama pale walipopigwa siku ya harusi. Loth akainua kamera.

Viboksi viwili.

Zebedayo alipiga magoti. Shangazi akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Hata mimi nilitoa chozi, na mimi mara ya mwisho nililia nikiwa tumboni. Loth peke yake hakushusha kamera. Alikuwa anatazama kioo, anahama kushoto, anahama kulia, anatazama tena, maana kiboksi kimoja kilikuwa kwenye uso wa Zebedayo, sawa, na cha pili kilikuwa kando ya shingo ya Careen, hewani, kimetulia, na uso wa Careen mwenyewe, wenye macho, wenye pua, uliotazama lenzi moja kwa moja kwenye jua la saa tisa, ile kamera haikuuwekea kitu, kama vile pale imeona jiwe.

Abdulmalik alimuuliza Loth mara mbili kama ana uhakika kwamba ni yeye aliyemkaribisha. Loth akasema ana uhakika. Mzee akatikisa kichwa. Akasema hajawahi kuona kusindikiza kukakataa, labda kuna alichokosea yeye. Akateremka Same siku ileile. Hakupokea hata maziwa.

Careen tulimzika mwezi wa pili. Zebedayo alitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza, mke wake akicheka. Loth alikaa siku nzima na zile picha mia sita. Haikuwepo hata moja. Kicheko sasa kilikuwepo kwenye nyingi, tena wazi, lakini kwenye uso ule mwingine. Waliweka ya kitambulisho.

Toka hapo Zebedayo hamsalimii Loth. Loth aliuza kamera. Siku hizi ukipita dukani kwake yuko kimya kuliko dawa anazouza, na mimi nikikaa naye tunaongelea mvua.

Sasa nyinyi mnanijua, chumvi naweka, sufuria haikuwa kubwa vile na simu hazikufika mia tatu. Hizo si kitu. Lakini kuna moja nimeitunga, na hiyo nimeisimulia hivyohivyo kila mahali mpaka imezoeleka. Abdulmalik alipouliza nani alimkaribisha, Loth hakujibu upesi. Kwanza alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi nikawa naangalia kandambili zangu, kwa sababu Zebedayo alikuwa amekaa hapo katikati yetu. Ndipo Loth akasema ni yeye, na Zebedayo akaamini, maana siku ile jua liliwapiga machoni na sauti waliisikia ikitoka upande wa kamera tu. Loth akaenda mwambani akasindikiza mgeni asiye wake, mara tatu, na mimi nimesimama hatua kumi toka pale na mdomo wangu huu mzima.

Loth hajui utani. Nilishawaambia toka mwanzo.