Koti Ndani ya Beseni

Mwili ulionekana siku ya Jumanne, saa nane na robo mchana, kwenye sakafu ya ghorofa ya tatu, chini kabisa ya ngazi zinazopanda kwenye paa ambako wapangaji huanika nguo. Aliyeuona ni mwalimu mstaafu wa mlango wa pili, aliyekuwa akirudi kutoka dukani. Aliangusha mfuko, akapiga simu polisi, kisha akaketi kwenye kidato cha kwanza kumlinda marehemu dhidi ya macho ya watu.

Marehemu alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na sita. Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, ingawa hakuwahi kuzaa. Alilala chali, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa kidato. Kando yake kulikuwa na beseni la plastiki lililopinduka, na nguo mbichi zilizotapakaa hadi mlangoni kwake. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikutwa mfukoni mwa gauni lake.

Inspekta alifika saa tisa kasoro dakika tano. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na wenzake kituoni walimwita Tulia, kwa sababu ndilo neno analoanza nalo kila akiingia penye msiba.

"Kateleza," alisema koplo aliyetangulia. "Beseni zito, maji yanavuja, ngazi nyembamba. Daktari anasema haipungui saa saba, haizidi saa nane."

"Tulia kwanza," alisema Inspekta.

Alichuchumaa. Aliugeuza mkono wa kulia wa marehemu taratibu, akautazama kwa muda mrefu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na unga wa chaki ya bluu, ile ya mafundi. Unga mkavu. Kisha akaokota nguo moja baada ya nyingine. Mashuka mawili. Foronya. Na koti jeusi la sufu, zito kwa maji, lisilo na vifungo, mkono mmoja umeshikizwa kwa nyuzi nyeupe ndefu.

"Koplo, wewe suti yako ulishonewa au ulinunua?"

"Nilinunua, afande."

"Basi hili tutamwuliza anayejua."

Ndani, sebule ndiyo iliyokuwa karakana. Cherehani lilikuwa karibu na dirisha, na mezani kulikuwa na futi, mkasi, na kipande cha chaki ya bluu kilichoachwa juu ya kitambaa, mstari umekatika katikati. Chumba cha ndani kilikuwa cha mdogo wa marehemu. Hapo Inspekta alikaa zaidi. Kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani ili nafasi ibaki mbele ya kioo kirefu. Juu ya kioo kulikuwa na taa mbili za kupigia picha. Kwenye rafu kulikuwa na madaftari manne yenye kichwa kimoja, *Siku Tisini*, na ndani yake majina ya washiriki wa miaka yote: nani alilia siku ya ngapi, nani alipendwa, nani alitolewa na kwa nini.

Koplo alikijua kipindi hicho cha runinga. Nani asiyekijua? Watu kumi na wawili wanafungiwa kwenye nyumba yenye kamera hadi jikoni, na nchi nzima inapiga kura.

Mwalimu mstaafu alihojiwa saa kumi, nyumbani kwake.

"Mwalimu, watu wanasema mligombana naye Jumapili."

"Tuligombana kweli. Kamba ya paani. Anajaza mashuka ya wateja, mimi naanika wapi?" Alijipangusa pua. "Lakini leo sikumsikia akipanda. Yeye hufua Jumamosi, mwanangu. Miaka tisa, Jumamosi."

"Una ufunguo wa kwake?"

"Wa nini? Ufunguo wanao watatu. Yeye, mdogo wake, na yule mtalaka wake aliyekataa kurudisha."

"Na huyo mdogo mtu wa namna gani?"

Mwalimu alifikiri. "Sisi tunamwita Staa. Si mbaya. Ila hajui kukaa tu kama watu. Ukikutana naye kwenye ngazi anapunguza mwendo, anageuza uso, kama kuna mtu nyuma yako anayempiga picha. Nimewahi kugeuka nikatazama, na mimi mzima na akili zangu."

Mtalaka alikuwa fundi suti mwenye duka mitaa mitatu kutoka hapo. Hakuwa na sifa nzuri. Mara mbili alikuwa ameshitakiwa kwa fujo mlangoni pa mkewe wa zamani. Koplo alikwenda kumchukua akiwa amekwisha kuamini kwamba kesi imekwisha. Alipofikishwa kituoni saa kumi na moja jioni, mtu huyo alikuwa amekunja mdomo. Inspekta hakumwuliza lolote. Alilitandaza koti mbele yake.

Alilitazama, kisha akalishika kwa mikono miwili.

"Nani amelitia maji hili?"

"Lilikuwa kwenye beseni lake la kufulia."

"Haiwezekani." Sauti yake ilibadilika. "Koti halijakamilika, nyuzi za kushikizia bado zimo. Ndani kuna turubai ya kifuani, kitambaa kigumu kinachoshika umbo, na turubai ikilowa inajikunja, koti limekufa. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa hanywi hata chai karibu na sufu." Machozi yakamtoka. "Aliyefanya hivi hajawahi kushika sindano."

"Ulikuwa wapi saa saba hadi saa nane?"

"Namvisha bwana harusi na wapambe wake. Walikuwa wanne. Waulize."

Koplo aliwauliza. Wote wanne walisema jambo moja: kuanzia saa saba hadi saa nane na nusu fundi hakutoka dukani, wala hakuacha kazi ila kutoa pini alizobana mdomoni.

Staa alikuja mwenyewe asubuhi ya Jumatano, saa tatu. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mpokeaji wagonjwa katika zahanati ya meno, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka nyumbani. Macho yalikuwa yamevimba kwa kilio cha kweli. Hilo Inspekta aliliandika. Aliandika pia kwamba kabla ya kuketi, msichana alisogeza kiti hadi mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni.

"Pole, mdogo wangu."

"Asante, mama." Alivuta pumzi. "Alikuwa mama yangu bila kunizaa. Wazazi walipoondoka alikuwa na miaka ishirini. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona kwa pazia la dirisha. Tukakaa mwaka mzima jua linatuchoma, lakini mimi nilikuwa nadhifu."

Aliposema "nadhifu" sauti ilikatika, akaweka kiganja kifuani.

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Zahanati. Tunafunga saa saba hadi saa nane. Nilikula palepale, nimefunga mlango."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Inspekta alimshukuru, akamwacha aende. Koplo alishangaa.

"Afande, yule binti amenitoa machozi."

"Hata mimi," alisema Inspekta. "Ndiyo maana nataka kujua ameyatoa mara ngapi."

Siku hiyo walifanya kazi mbili. Koplo alikwenda zahanati, akamkuta mlinzi wa jengo. Mlinzi alimkumbuka mzee mmoja mwenye shavu lililovimba aliyegonga mlango kuanzia saa saba na dakika ishirini. Aligonga robo saa nzima. Mtu mwenye jino bovu hakati tamaa upesi. Hakuna aliyefungua, wala aliyemjibu.

Inspekta alichukua simu ya marehemu. Simu nyingi zilikuwa za wateja. Moja haikuwa na jina: Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, dakika tatu. Alipoipigia namba hiyo ilipokelewa na sauti changamfu: "Siku Tisini, habari ya asubuhi?"

Ofisi ya kipindi ilikuwa na zulia, viti vya rangi ya machungwa, na karani kijana aliyetafuna kalamu. Alifurahi kusikia jina la Staa.

"Huyo tumempitisha. Amejaribu miaka minne. Miaka mitatu tulimrudisha, maskini. Anazungumza vizuri, lakini tulikuwa tunamwambia, hadithi yako iko wapi? Mwaka huu akaja nayo. Ijumaa tunakwenda kwao kupiga picha nyumba na kuongea na majirani."

"Naomba kuiona hiyo hadithi."

Karani alifungua video. Tarehe iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya wiki tatu zilizopita. Staa alikuwa ameketi, mwanga usoni.

"Alikuwa mama yangu bila kunizaa," alisema msichana kwenye skrini. "Sare yangu ya kwanza aliishona kwa pazia la dirisha. Jua linatuchoma, lakini mimi nadhifu." Sauti ikakatika palepale, kiganja kikaenda kifuani. "Aliteleza kwenye ngazi za paani. Amebeba beseni la nguo mbichi. Nilimkuta mimi."

Sauti ya mwanamume nje ya picha iliuliza, "Ni lini, mpendwa?"

"Bado sijaweza kuzihesabu siku."

Koplo alisimama nyuma ya kiti cha Inspekta bila kujongea. Siku video hiyo iliporekodiwa, Mama Sindano alikuwa mezani kwake, akikata kitambaa.

"Na Jumatatu mlipiga simu kwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Kuhakikisha. Kwenye fomu ya mwaka wa kwanza aliandika namba ya mtu wa karibu, tukapiga hiyo." Karani alitoa karatasi. "Haya ndiyo niliyoandika wakati wa mazungumzo."

Inspekta aliisoma mara mbili. Akaomba kuichukua.

Alhamisi, saa nne asubuhi, alimwita Staa nyumbani kwake, kwenye karakana. Koti lilikuwa mezani, limekauka na kujikunja kama ngozi. Inspekta alimwomba aketi kwenye kiti cha dada yake, kinachotazama ukuta. Koplo alisimama mlangoni na daftari.

"Nitakueleza ninachojua, na wewe utanisahihisha," alisema Inspekta. "Jumanne saa saba ulitoka zahanati. Saa saba na dakika ishirini mzee aligonga, hukuwepo. Ulimkuta dada yako anachora koti kwa chaki. Aliacha mstari katikati. Alipofika juu ya ngazi zile alikuwa mikono mitupu, maana angebeba nguo mbichi chaki ingetoka vidoleni."

"Aliteleza, mama."

"Beseni ulilijaza wewe, baadaye. Haikuwa siku ya kufua, nguo hazikutosha, ukachukua koti la mteja. Fundi asingefanya hivyo, wala mtalaka wake aliyemfundisha kazi. Na mwalimu hana ufunguo wa kulifikia."

"Kwa nini nimuue dada yangu?"

"Kwa sababu wiki tatu kabla ulikwisha kumuua kwenye video. Kwa ngazi hizohizo na beseni hilohilo. Na kesho kamera zinakuja."

Staa alitazama ukuta. Alipoanza kuzungumza, sauti ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba, ya mtu anayesoma orodha.

"Miaka mitatu waliniambia sina hadithi. Maisha yangu yalikuwa na kosa gani? Dada alinilea vizuri. Nilikula, nilisoma, nilivaa. Hakuna anayemlilia mtu aliyelelewa vizuri. Nikaona nitasema amekufa, nitaingia siku tisini, nitarudi, nitamwomba radhi, tutacheka."

"Kisha?"

"Jumatatu jioni niliona namba yao kwenye simu yake. Naijua kwa moyo. Nikajua wamempigia, nikajua amesema yupo. Sikuuliza. Alinipakulia chakula, akaniangalia tu. Akasema, 'Kesho tutazungumza, mimi na wewe.' Sikulala."

"Ukaja mchana."

"Nilikuja kumwomba awapigie, aseme yeye ni mtu mwingine. Nikamwambia tupande juu, hapa wateja wanaingia. Akasema, 'Nina koti la watu mkononi.' Nikamwambia dakika moja. Tulipofika juu akaniuliza, 'Hivi mimi nilikukosea nini hadi ukanizika?' Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Nikamsukuma."

"Hapohapo?"

"Hapohapo. Halafu nikakumbuka nguo."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alitoa ile karatasi ya karani kwenye bahasha, akaiweka juu ya koti. Hakutaka kufanya hivyo, lakini aliona msichana angeisikia mahakamani, mbele ya watu, na huo ungekuwa ukatili zaidi.

"Soma."

Staa alisoma. Mwandiko ulikuwa wa haraka: *Jumatatu 4:12. Simu imepokelewa na mwanamke. Nimemwambia tunathibitisha kifo cha dada wa mshiriki. Amenyamaza kidogo. Kisha amesema ni kweli, dada amefariki, yeye ni jirani tu aliyeachiwa simu. Amesema: mchukueni, ana kipaji, na hana mtu mwingine.*

Aliisoma tena, midomo ikitembea. Uso wake haukuwa umepangwa kwa ajili ya mtu yeyote; mdomo ulikuwa wazi, kamasi zikitiririka, na hakuzifuta.

"Alisema hivi?"

"Alisema hivyo."

"Kwa hiyo nilikuwa nimeshapita."

"Ulikuwa umeshapita."

Hakulia tena. Alitia saini maelezo yake saa tano na dakika thelathini na tano. Koplo alimfunga pingu, akafungua mlango. Pale nje, mbele ya kizingiti, mahali dada yake alipoangukia, sakafu ilikuwa imekwisha kupigwa deki, lakini Staa alisimama, akakataa kupakanyaga. Koplo alimvuta kidogo. Inspekta akamwashiria amwache.

Walisimama hapo dakika saba. Koplo aliandika na muda huo pia, kwa kuwa hakujua aandike nini kingine.