Mafuta Yalikuwa Yameungua

"Kaka, ukilipia hicho utakuwa umenunua rangi."

Mwanamume aliyeshika kipande cheusi cha udi aligeuka. Soko la manukato lilikuwa limefurika asubuhi ile. Wachukuzi wakipiga kelele wapishwe njia, moshi wa vyetezo ukipanda kutoka kila meza. Mbele yake alisimama msichana mrefu, gauni la kijani limemkaa sawasawa, miwani ameipandisha kichwani, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Wewe nani, polisi wa udi?"

"Karibu na hapo." Alikichukua kile kipande akakikwaruza kwa ukucha. Chini ya weusi, mti ulikuwa mweupe pepepe. "Umeona? Udi wa asili utomvu wake umezama ndani, unafuata mishipa ya mti, tena una mabaka. Huu umelowekwa kwenye mafuta ukapakwa weusi. Halafu unanukia ukiwa baridi. Udi wa kweli una maringo, hausemi neno mpaka upate moto."

"Kama wewe?"

"Mimi nasema hata bila moto."

Mwenye meza alibeba gunia lake akahamia kona ya mbali, nao wakabaki wanacheka.

Mwanamume yule alikuwa fundi mpya wa kukeneka mafuta ya udi. Kazi yake ilikuwa kuloweka vipande mpaka vilainike, kuvipika ndani ya pipa la shaba, kisha kungoja mvuke upoe na mafuta yaelee juu ya maji. Msichana alikuwa mchaguzi wa udi dukani kwa shangazi yake, aliyemlea. Sokoni walimwita Bi Pua. Akiwa amefumba macho alikuwa anakutenganishia udi wa mwituni na ule wa shambani, wa miti inayotobolewa na kudungwa dawa ili itoe utomvu haraka. Huo wa shambani hakuuita bandia. Alitaka tu uitwe kwa jina lake.

Siku ile ile simu ilianza.

"Bi Pua, nimekukumbuka."

"Si tumeachana sasa hivi?"

"Ndiyo maana."

Wakawa hawapitishi siku bila kuonana. Alipomjia amejimwagia marashi, msichana alirudi nyuma hatua nzima. "Hiyo chupa itupe leo leo. Wewe nukia jasho lako na udi wako, yatosha."

"Unaniaibisha, roho yangu."

"Nakupenda, ndiyo maana nakwambia."

Fundi akaitupa. Wanawake waliomsifu alishawapata. Wa kumwambia ukweli usoni huku amemshika mkono, huyu ndiye alikuwa wa kwanza.

Kisha yakaja mafua. Yalipoisha, Bi Pua aliweka kipande cha udi juu ya kaa la moto kama kawaida yake. Moshi ukapanda. Akavuta pumzi, hewa tupu. Akakimbilia jikoni, akanusa siki, akanusa kitunguu, akanusa hata sabuni ya kufulia. Hakusikia kitu. Daktari alimwambia harufu inaweza kurudi, lakini hakuahidi.

Hakumwambia mtu. Duka la shangazi lilisimama juu ya pua ile. Na fundi je? Nani angempenda Bi Pua asiye na pua? Akaanza kuziogopa simu.

"Mbona siku hizi unapokea kama mtu wa benki?" fundi alilalamika.

"Nina kazi nyingi."

"Kazi gani hiyo inayokula hata neno 'mpenzi'?"

"Nitakupigia, fundi." Wala hakupiga.

Mchana mmoja fundi aliingia dukani, shati jeupe limenyooshwa, uso umemshuka. Alikuwa amepewa kukeneka peke yake kwa mara ya kwanza, maji yakakauka kwenye pipa, mafuta yakaungua. Alitaka mtu mmoja tu duniani amcheke kidogo, kisha amfariji. Aliweka kichupa mezani. "Nusa."

Bi Pua alifumba macho kama alivyozoea, akavuta pumzi, akatabasamu. "Tamu! Yametulia kama asali. Hongera, mpenzi."

"Kama asali?"

"Kabisa."

Fundi alikifunga kichupa polepole. "Yameungua haya. Hata mlinzi wa getini kaziba pua. Kumbe na mimi unaweza kunisemesha kama mteja."

Shangazi alikuwa nyuma ya pazia anapanga vifurushi. Bi Pua alilitupia jicho pazia kwanza. Alipofika mlangoni, shati jeupe lilikuwa limeshapotea katikati ya watu.

Hakupiga simu yeye, wala fundi hakupiga.

Haukupita muda akaja dalali mmoja mwenye maneno laini, na mzigo mkubwa kuliko wote waliowahi kununua. Bi Pua alikwaruza: mweusi mpaka ndani. Akatumbukiza kipande majini: kikazama. Macho yalisema ndiyo, mkono ukasema ndiyo, pua ikanyamaza.

"Haya mwanangu," shangazi alimwuliza, "tuseme ndiyo?"

"Nipe dakika, shangazi."

Alitoka uani, akampigia fundi simu.

"Usikate, nakuomba. Sisikii harufu. Tangu yale mafua sisikii kitu chochote. Mafuta yako sikuyasikia, nilijifanya."

"Hata yalivyoungua vile?"

"Hata ungeniletea mafuta ya taa."

Fundi alishusha pumzi ndefu. "Na mimi nimekaa huku najiambia umepata mwingine. Mbona hukuniambia, roho yangu?"

"Niliogopa." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Njoo. Kuna mzigo hapa, na mimi ni kama kipofu. Niazime pua yako."

"Nimeshavaa viatu."

Alirudi ndani, akasimama mbele ya shangazi. "Usinunue kwa neno langu. Pua yangu imekufa."

Shangazi alimtazama kwa upole. "Unadhani sijui? Maziwa yaliungua juzi nawe umesimama pale pale unayatazama. Ungesema ndiyo leo, mimi ningesema hapana. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Mwanangu, mimi nilikulea kabla sijajua kama una pua."

Bi Pua aliuficha uso begani kwa shangazi yake. Jambo lililomnyima usingizi lilikuwa limemalizika kwa maneno machache tu.

Fundi akaingia anahema, ovaroli imejaa masizi. Bi Pua alichagua kipande, akakiweka pembeni ya kaa. "Usiharakishe. Unasikia nini?"

"Utamu. Udi mzuri huu."

"Subiri."

Dalali alijikohoza. Moshi ukabadilika, ukawa mzito.

"Sasa… kama mlango uliopigwa vanishi."

"Unawasha kooni?"

"Unawasha."

"Shangazi, hapana. Wameugandamiza na mafuta mpaka ndani."

Dalali alianza kueleza. Shangazi alimfungulia mlango, akamtakia safari njema.

Fundi alijifuta masizi, akazidi kujipaka. "Peke yangu ningeishia kwenye utamu."

"Na isiporudi je?" Bi Pua aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nitanusa, wewe utaniambia ninanusa nini. Ila usinifiche tena."

"Sikufichi tena."

Kuanzia hapo kila mzigo waliupima pamoja, na duka halikutetereka.

Harufu ya kwanza kurudi haikuwa ya udi. Ilimjia mchana, akiwa anafagia mlango wa nyuma. Akasimama. Akainama. Akanyakua simu.

"Fundi! Jana uliacha viatu vyako hapa?"

"Vililowa, nikaondoka na ndala. Vimeibwa?"

"Vinanuka!"

"Samahani mpenzi, nakuja kuvi—"

"Hunielewi! Vinanuka, fundi! Vinanuka vibaya kabisa!"

Upande wa pili kitu cha bati kilianguka kwa kishindo, kisha vicheko vikavunjika kuwa kilio, na haikujulikana nani alikuwa analia zaidi.

"Hakuna mwanamke aliyewahi kulilia viatu vyangu," fundi alisema alipopata sauti.

"Njoo uvichukue. Halafu uje tena na mama yako na wajomba zako. Shangazi anataka kuwaona."

"Shangazi anataka, au wewe?"

Bi Pua alivuta pumzi, akaipata tena ile harufu mbaya, akaifurahia kama manukato.

"Mimi nataka," alisema. "Ila siku hiyo vaa viatu vingine."