Walibishania Ubingwa wa Mume Wangu Mpaka Wakammaliza!

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka hamsini na minane. Ni mkulima wa pamba, Mkatoliki, mama wa mapacha Kulwa na Doto, na jina langu ni Minza. Naishi Nkoma, ambako siku hizi ni Mkoa wa Simiyu, ingawa wakati wa mkasa huu bado tulihesabiwa Shinyanga. Haya ninayowasimulia nimeyameza miaka mingi... mtanisamehe nikikasirika njiani.

Mume wangu, Maduhu, alikuwa bingwa wa ngumi. Ndiyo, bingwa! Najua tayari kuna mtu huko ameguna. Guneni tu, nimezoea.

Ngumi alijifunza alipokuwa jeshini, akarudi nyumbani na glovu zilizochakaa. Sasa huku kwetu, tukishavuna pamba, ni msimu wa mbina, yaani mashindano ya ngoma. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watu wanahama wenyewe kwa miguu yao, wakivutiwa huku wanakuja huku, na jua likishuka, penye watu wengi ndipo penye ushindi.

Je, Maduhu alipoleta ngumi, unadhani watu waliziamua vipi? Kwa njia waliyoijua! Wapiganaji wawili walitwangana mpaka wakachoka, kisha wakasimama kila mmoja upande wake wakiwaita watu kwa mikono. Ngoma ikapigwa, watu wakahama. Aliyepata umati ndiye aliyeshinda.

Na watu walimpenda Maduhu wangu. Kabla ya pambano aliimba, akamtania mpinzani, akawatania mpaka wazee wa kanisa, watu wakacheka wakashika mbavu. Ngoma yake ilipigwa na kaka yangu Sayi, tumbo moja na mimi. Ngoma ya Sayi ikianza kutembea, umati ulitembea nayo. Misimu yote ile Maduhu hakushindwa hata mara moja. Fundi viatu wa sokoni Bariadi akamshonea mkanda wa ngozi, na watu wakamwita Nzagamba, dume la ng'ombe.

Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kugombania pamba na chama cha ushirika, mitumba ikajaa mnadani, na Bariadi mjini yakaota mabanda ya video. Balaa langu lilitoka humo! Vijana waliona ngumi za Ulaya na Amerika, zenye refa, kengele na majaji wa pointi. Wakatoka bandani wakiwa mabingwa wa kuhukumu, wakati hata kuku hawajawahi kupigana naye.

Wakaanza kubisha kwenye mzani wa pamba. Walisema rekodi ya Maduhu ni hewa tupu, kwamba hajawahi kumpiga mtu kwa pointi, ameshinda kwa nyimbo tu. Wazee wakajibu kwamba kuvuta watu ndiko kushinda, kama ni rahisi wajaribu wao. Vijana wakacheka. Huyo ni manju, walisema, mwimba ngoma aliyevaa glovu!

Nilikuwa nimeketi pale pale juu ya furushi langu la pamba. Nilitaka kuwauliza, je, nani kati yenu amewahi kumkanda mgongo kwa maji ya chumvi? Nani ameziona mbavu zake asubuhi? Ngumi zile hazikuwa nyimbo, ndugu zangu. Lakini mwanamke angesema nini mbele ya wanaume waliokwisha kupandisha sauti?

Kumbe kulikuwa na jambo wasilolijua. Msimu uliotangulia Maduhu alipigwa karibu na sikio, na tangu hapo akiamka alikuwa anayumba, anashika ukuta. Wakati mwingine alimwita Kulwa kwa jina la Doto, yeye aliyekuwa anawatofautisha hata kwa kikohozi! Daktari wa zahanati alituambia waziwazi kwamba aache ngumi, kichwa hicho kikipigwa tena hatarudi alivyo. Nililia. Maduhu alikubali kuacha, akautundika mkanda ukutani. Mtu mwingine mmoja tu niliyemwambia ni kaka yangu Sayi, ili aanze kutafuta mtu mwingine wa kumpigia ngoma.

Sayi alinisikiliza mpaka mwisho. Alisikitika, akanishika bega, akasema nisiwe na wasiwasi.

Haikupita muda, mnunuzi mmoja binafsi akataka kuwavuta wakulima kwenye kituo chake cha Bariadi. Sayi alikuwa ameanza kumfanyia kazi ya kupiga debe kwa wakulima. Siku moja nilikuwa shambani na mume wangu tukichoma mabua ya pamba. Tukasikia gari la matangazo barabarani. Spika ilisema Nzagamba wa Nkoma atapambana na bondia kutoka Mwanza, kwa refa na kengele, ili ubishi uishe! Na sauti ile... wasomaji, niliitambua hata kabla gari halijakaribia. Ilikuwa sauti ya Sayi.

Maduhu aliweka jembe chini.

Nilikwenda kwa kaka yangu mbio, kanga imelegea kiunoni. Nilipiga magoti. Nilimkumbusha maneno ya daktari. Alikwepa macho yangu.

"Minza, gari limeshazunguka mpaka Bukundi," akasema. "Unataka nikawaambie nini watu? Kwamba shemeji anaogopa?"

"Waambie anaumwa, kaka! Si unajua anaumwa?"

"Nikisema anaumwa leo, watasema tangu zamani alikuwa anaogopa. Ngoja apigane mara hii moja, midomo ifungwe."

Nilikwenda kwa mama mkwe, akalia pamoja nami, basi. Nilikwenda kwa katekista, akasali. Nikabaki na Maduhu mwenyewe. Nilimshika miguu, nikamwambia tuondoke, twende kwa shangazi yangu kule Mkula mpaka siku ile ipite. Alinitazama kwa huruma, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, nisipokwenda, kila niliyemshinda atasema sikumshinda. Nitabaki na nini?" Ningesema atabaki na mimi, lakini niliona wazi kwamba siku hiyo mimi sikutosha.

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Yule kijana wa Mwanza alikuwa mpole, alinipa hata shikamoo! Simlaumu. Refa alieleza sheria kwa Kiswahili cha haraka, na Maduhu akaitikia kwa kichwa. Sayi alikuwa upande wetu, ameibeba ngoma ya Maduhu.

Raundi ya kwanza mume wangu alipigana vizuri, Mungu ni shahidi. Aliwachekesha watu, akakwepa, akarusha, wazee wakanyanyua fimbo juu. Hata wale vijana wa video walinyamaza. Nilianza kupumua.

Raundi ya pili akampata yule kijana tumboni. Umati ulilipuka! Na Maduhu akafanya kile alichofanya maisha yake yote. Akageuka kwa watu, akafungua mikono, akawaita. Kwetu mmoja akiita, mwenzake naye huacha kupiga, huita. Lakini kengele ilikuwa haijalia, na kijana wa Mwanza alifundishwa ngumi, hakufundishwa mbina. Alimpiga pale pale karibu na sikio.

Maduhu alianguka, akainuka. Nilipiga kelele wamtoe, sauti yangu ikapotea katika kelele za watu. Na watu... watu walikuwa wanahama! Watu wa Nkoma, waliokula kwangu, waliovaa jina lake msimu hadi msimu, walikuwa wanavuka kwenda upande wa Mwanza. Mbele yao alitembea Sayi na ngoma, anapiga. Alikuwa amebeba ile ngoma ya mume wangu!

Maduhu aliiona. Alishusha mikono yote miwili, akasimama anaitazama ngoma yake ikienda. Hakuitazama tena ngumi iliyokuja.

Sina haja ya kusimulia hospitali. Alirudi nyumbani akiwa hai, mkono wa kulia umekufa, maneno yamepungua. Msimu ulipokwisha mnunuzi aliondoka na malori yake. Sayi alikuja mara moja na kuku mkononi, akasema kuhama ni mila yetu, kila mtu huhama. Kweli ni mila. Nilishindwa hata kumfukuza... nilichukua kuku yule nikamfunga kamba, kwa sababu wanangu walikuwa na njaa.

Je, ubishi uliisha? Thubutu! Mpaka leo wanabishana, tena mbele yake, kana kwamba ameshazikwa. Mmoja atasema aliyeangushwa raundi ya pili hana rekodi. Mwingine atasema kabla ya hapo hakushindwa, apewe heshima yake. Heshima ipi? Kati ya hao wote hakuna aliyewahi kumnyoa ndevu, hakuna aliyemletea hata mzigo wa kuni!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mtu akisema ameshinda, mwacheni na ushindi wake. Msimpime kwa mzani ulioletwa jana na mgeni, wala msimtume akauthibitishe kwa mwili wake ili ninyi mpate la kuzungumza. Na wewe ndugu wa damu, ukiambiwa siri ya ugonjwa, kaa nayo.

Jioni mume wangu hukaa nje akiegemea ukuta, mkanda wa ngozi mapajani. Akisikia ngoma inalia mbali, huanza kuhangaika, akaniuliza swali lile lile.

"Mayu, watu wako upande gani?"

"Wako upande wako, baba Kulwa," namwambia.

Anageuza shingo kutazama, taratibu. Nami nainua kigoda changu, nahamia upande wake.