Meno Mapya ya Pamba

Hadithi zote nimewapa, hamtosheki, mnataka hii. Haya. Ila mtu asitafune kitu hapa mbele yangu, maana hii ni habari ya midomo na sitaki kuona mdomo wa mtu ukiwa wazi. Na anayedhani majini hungoja giza, aende akalale. Huyu alikuja mchana kweupe, pasi zikiwa moto, nguo za watu zimetundikwa mpaka mlangoni.

Marehemu kaka yangu aliacha mabinti wawili. Mkubwa ni dobi, na kila mtu alimwita Dobi, hata mimi shangazi yake. Mdogo walimwita Vifungo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda kando ya meza ya dada yake, akirudishia vifungo vilivyokatika kabla nguo hazijapigwa pasi. Chumba cha mbele ndicho cha kazi, cha nyuma ndicho cha kulala. Mama yao alikufa Vifungo akiwa na miaka sita. Dobi akamlea. Akamwogesha, akamchana nywele, akamwita mwanangu. Akamwita mwanangu mpaka siku mteja mmoja alipohama mji, akawaachia mbwa wake.

Mbwa mwenyewe sasa! Kijibwa kidogo kama kiatu cha mtoto, cheupe, na macho ya kuombaomba. Dobi akakiita Pamba. Sitawadanganya, kilinuka mdomo. Kikipiga mwayo unatafuta dirisha liko wapi. Lakini Dobi alikipakata akila, alikifunika kanga ya marehemu mama yake, na lile neno mwanangu likahama kutoka kwa mtu likaenda kwa mnyama.

"Shangazi," Vifungo aliniambia siku moja, akicheka huku hacheki, "mimi siku hizi ni dada wa mbwa."

Nikamwambia aolewe. Laiti ningemsikiliza.

Basi Pamba akaanza kukataa chakula. Dobi akampeleka kwa daktari wa wanyama, naye akamfunua mdomo, akakunja uso. Meno yamefunikwa ukoga, fizi zimevimba, mengine yanacheza. Lazima yasafishwe, na mabovu yang'olewe. Na kwa kuwa mbwa hakubali kukwanguliwa meno akiwa macho, atalazwa kwa nusukaputi.

"Nusukaputi!" Dobi akashika kifua. "Daktari, huyu ni kilo tatu!"

"Ndiyo maana dawa tunaipima kwa uzito wake, mama. Moyo nimeusikiliza, uko sawa. Damu pia tutaipima kwanza."

"Na asipoamka?"

"Karibu wote huamka."

"Mimi sina wote. Nina huyu mmoja."

Daktari akampa sharti moja tu: mbwa asile kitu chochote tangu jioni ya kuamkia siku yenyewe. Akilala na kitu tumboni, kitapanda, kitaingia mapafuni, na hapo daktari hana la kuahidi.

Wiki nzima Dobi hakuwa mtu. Akaunguza kola ya shati la harusi. Kila mteja akiingia anaulizwa: "Wewe ulipopasuliwa, walikulazaje? Ulisikia nini? Uliamka mwenyewe, au uliamshwa?" Bwana mmoja aliyetolewa kidole tumbo miaka iliyopita alizuiwa hapo nusu saa, suruali mkononi, akisimulia usingizi wake. Na Pamba akilala mchana, Dobi anaweka pasi kando, anainama na kumwekea kiganja ubavuni, anahesabu pumzi.

Vifungo yuko pale kwenye kigoda, anatazama.

"Dada, mimi jino liliniuma wiki mbili."

"Lini?"

"Mwaka jana. Uliniambia nisukutue maji ya chumvi."

"Si ulipona?"

"Nilipona."

"Basi unataka nini? Wewe una mdomo, pakikuuma unasema. Huyu atamwambia nani?"

Vifungo akainamia shati. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, tap. Hivyo ndivyo alivyozoea. Mkasi ulikuwa karibu lakini yeye hukata uzi kwa meno ya mbele, kila siku, miaka kumi na mitano, mpaka jino moja la juu likawa na kijifereji kidogo, alama ya uzi. Likumbukeni hilo jino.

Asubuhi ya siku yenyewe, Dobi aliingia kuoga. Akasema kupitia mlango, "Mwangalie mwanangu asidokoe kitu!"

Mwanangu.

Vifungo akafunua sufuria, akatoa kipande cha ini. Pamba hakukikimbilia. Alikuwa hajawahi kulishwa na mkono ule, akageuka kwanza kuutazama mlango wa bafu, kama mtoto anayeomba ruhusa. Kisha akala. Akalamba na vidole. Vifungo akamwangalia akimeza, akasema taratibu: "Kula. Anayekutaka na akuchukue."

Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Lakini chini ya meza ya kupigia pasi, nyuma ya shuka lililoning'inia, kitu kilimeza mate.

Haya yote tuliyajua baadaye, kutoka kinywani mwa Vifungo mwenyewe, au tuseme katika kilichobaki cha kinywa chake.

Kule kliniki daktari akauliza, "Amekula?" Dobi akamgeukia mdogo wake. "Hata maji," akasema Vifungo, bila kupepesa.

Wakakaa kwenye benchi. Dobi akaishikilia ile kanga ya kumfunikia mbwa, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena kama nguo ya mteja. Daktari alipotoka alikuwa na jasho puani.

"Ametapika akiwa amelala. Moyo ulisimama, mama. Nilikuwa nimeshaweka vifaa chini. Kisha akaamka mwenyewe, ghafla, kama aliyeitwa." Akafuta uso. "Kilichotoka ni nyama. Mliniambia hajala."

"Labda alidokoa mahali," Vifungo akawahi.

Na Dobi, masikini, akajipiga paji la uso: "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekwenda kuoga."

Vifungo akamwacha ajipige.

Daktari akawapa kifuko kidogo. Ndani yake meno manne aliyoyang'oa. Wakarudi nyumbani, na la kwanza lisilo sawa lilikuwa dogo tu. Pamba hakunuka mdomo. Mngesema ni kwa sababu kasafishwa. Lakini hakunuka dawa wala mbwa pia. Alinuka ini bichi, ini lililokaa juani. Hakubweka, hakutikisa mkia. Alipanda mapajani mwa Dobi, akaketi wima, akamkazia macho Vifungo, na hakupepesa.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Dobi ameketi mezani na pasi, Pamba mapajani, mvuke umejaa chumba, Vifungo anashona. Akavuta uzi, akaupeleka mdomoni, akauma. Uzi haukukatika. Akauangalia: jino lilikuwa limebaki kwenye uzi, linaning'inia kama kifungo. Hakusikia maumivu. Hakuona tone la damu. Akalifumbata upesi dada yake asione, na alipofumbua kiganja halimo.

Kule mapajani Pamba akapiga mwayo. Na kwenye lile pengo la mbele ambako daktari aling'oa, palikuwa na jino. Jino pana, la mtu. Lina kijifereji.

"Dada," Vifungo akanong'ona, mkono mdomoni, "hebu mtazame meno."

"Meupe, eeh? Yule daktari ana mkono!" Dobi hakuona. Aliona kile alichokiombea.

Lililofuata lilitoka akinywa chai, na la tatu na la nne yakatoka akisema "karibu" kwa mteja, na kila likitoka anasikia chini ya meza ka, ka, ka, kitu kinajaribu kuumana, na ile ka ikaanza kufuata mkono wake, akichoma sindano inagonga, akisita inasita, akishika pumzi nayo inangoja, mpaka akawa anashona kwa kuogopa kuacha na anaacha kwa kuogopa kushona, huku Dobi anaimba na kupiga pasi mashati ya watu kana kwamba nyumba ni nyumba.

Kisha siku ya sita Dobi akaenda kupeleka nguo kwa wateja, Vifungo akabaki peke yake, na kutoka chumba cha nyuma akasikia dada yake anamwita, sauti ileile, ya zamani, ya wakati mama yao alipokuwa hajamaliza hata mwaka kaburini. "Mwanangu, njoo nikuchane nywele." Na ingawa alijua dada yake ametoka, kwani alimwona akivuka barabara na furushi kichwani, ingawa ile harufu ya ini ilimfikia kabla hajafika mlangoni, alikwenda, jamani, alikwenda kwa sababu alikuwa amelingoja neno lile miaka mitatu na hakuna mwingine aliyekuwa anampa, akasogeza pazia, na pale kitandani alikuwa ameketi Pamba, wima, kitana kiko mbele yake, mdomo umeachama, na ndani yake meno ya Vifungo manne yanang'aa, na ulimi ule mdogo wa mbwa unasema kwa sauti ya Dobi: "Ulisema anayetaka achukue. Mimi nilitaka. Sasa keti, mwanangu, nami nitakupenda kwa zamu."

Vifungo alikuja kwangu bila viatu, kanga mdomoni. Nikamfunua, nikaona. Sikumuuliza mengi. Nilimshika mkono nikampeleka kwa fundi viatu wa pale kona, ambaye hushona soli na akibanwa hutoa majini. Alikuwa na kiatu cha mtu magotini, sindano ya ngozi mkononi. Akasikiliza, akachukia kukatizwa kazi.

"Nani alimlisha mbwa?"

Vifungo akasema, "Alidokoa."

Jino la tano likadondoka, likagonga kile kiatu. Tukalitazama. Likatoweka mbele ya macho yetu.

"Endelea kudanganya," akasema fundi viatu. "Jini huyo akimaliza meno atashika ulimi." Akavua aproni. "Sina ubani wala ngoma, nisipotezewe muda. Ameingia kwa uongo, na uongo ndio kiti chake. Twende ukauseme ukweli mbele ya mwenye mbwa, kabla hajauzoea ule mwili."

Tulimkuta Dobi amerudi, pasi mkononi, Pamba amemkalia begani kama kasuku. Fundi viatu akasimama mlangoni, akamnyooshea Vifungo kidole: "Sema."

"Dada... nilimpa ini. Kwa bahati mbaya."

Mawili. Tukayasikia yakigonga sakafu, na wakati uleule tukasikia kule begani ka, ka.

"Nilisahau kwamba..."

Matatu.

"Vifungo!" nikapiga kelele. "Utabaki na fizi, mtoto wewe! Sema!"

Pasi zilikuwa zinatoa mvuke zenyewe. Pamba akafungua mdomo, na hata Dobi sasa aliona, mdomo ule mdogo umejaa meno ya mtu mzima, yamebanana, yanasukumana yatoke nje, na kupitia hayo meno sauti ya Dobi ikamwambia Dobi mwenyewe sikioni, "Usimsikilize, mama. Mimi ndiye mwanao." Dobi akawa hana damu usoni, lakini hakumwachia. Nasema nilichokiona. Alimkumbatia, hakumwachia.

Hapo ndipo Vifungo alipopasuka. "Nilimpa kusudi! Nilijua atakufa! Nilitaka afe, dada, afe palepale mezani, ulie, halafu uniite mimi! Simtaki huyu mbwa, sijawahi kumtaka, nakutaka wewe!"

Safari hii hakuna jino lililoanguka.

Pasi zote zikapoa kwa pamoja. Kisha mashati yaliyotundikwa, la karibu na meza kwanza, likajaa kifua kama lililovaliwa, mikono ikainuka, likalegea; likajaa la pili, likalegea; la tatu, la nne, kitu kikapita ndani ya nguo za wateja moja baada ya nyingine mpaka mlangoni, fundi viatu akajibandika ukutani kukipisha, na kikatoka barabarani juani. Hakikurudisha kitu. Pamba alikuwa amelegea mkononi mwa Dobi, ananuka mbwa, analia kilio cha mbwa. Mdomoni hana hata jino moja. Ya mtu yameondoka, na yake yameondoka nayo.

Vifungo akasogea, mikono mbele. "Dada."

Dobi hakumpiga wala hakumfukuza. Alisema tu, "Kilo tatu, Vifungo. Kilo tatu." Akamfunika mbwa ile kanga ya mama, akaingia chumba cha nyuma, akarudisha pazia.

Mnataka kujua Vifungo aliishia wapi? Yupo palepale. Anashona vifungo, uzi anaukata kwa mkasi, na akicheka, hufunika mdomo kwa kiganja. Baada ya siku ile hakubakiwa na jino la kutafunia, yaliyosalia, jini alikuwa ameshayalegeza, yalimtoka moja moja kabla mwezi haujaisha. Kila mchana Dobi anaponda viazi, anavilainisha mpaka vinateleza, sufuria moja kwa wote wawili wasio na meno. Anapakua bakuli la kwanza, anakaa, anampakata Pamba, anamlisha kwa kidole: kula, mwanangu. Vifungo amekaa upande wa pili wa meza, kijiko mkononi, anatazama. Lake hupakuliwa mbwa akishashiba.

Na Pamba, jamani, anakula polepole.