Maji Yaliyopozwa Haraka

Mjukuu wangu huyu tunamwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa bure. Akifagia, vumbi linabaki linashangaa. Akiosha vyombo, unasikia mlio mmoja tu, ukigeuka keshakaa. Kila siku ya shule alirudi saa saba mchana, akatupa mkoba kitandani, akavuka ua hadi kwa jirani yetu, msusi wa nywele, kumchukua mdogo wake.

Msusi alikuwa akimshika na kumtunza mtoto huyo tangu ana miezi mitatu, wakati mama yao akiwa kazini kwa dobi, akipiga pasi mashuka ya watu. Hakuomba hata asante. Mtoto tulimwita Bosi, kwa sababu akilia, wote tunasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mchukue Bosi wako," Msusi alisema siku moja, kitana kikiwa mdomoni. "Leo kamvuta mteja nywele, nusura nifukuzwe kwenye kibaraza changu mwenyewe! Na utembee, usikimbie naye."

Kwa miezi sita Bosi hakuonja hata tone la maji. Muuguzi wa kliniki alikataza. Alisema maziwa ya mama yanatosha kwa njaa na kwa kiu, jua liwake litakavyo. Basi mama yake aliyakamua asubuhi, akayaacha kwenye kikombe chenye kifuniko, na Msusi akamnywesha. Alitania tu, "Huyu mtoto au ngamia?" lakini alifuata.

Miezi sita ilipotimia, muuguzi akasema, "Sasa aanze chakula laini, na kunyonya kuendelee. Maji pia, mafunda machache tu. Yachemshwe, yapozwe, apewe kwa kikombe safi."

Kazi ya maji akapewa Chapuchapu. Siku ya kwanza aliyachemsha vizuri, yakatokota mpaka kifuniko kikacheza. Lakini nje wenzake walikuwa wanaita, mechi ya netiboli ilikuwa karibu. Akachovya kidole, akakitoa mbio. Sasa niwaulize, wajukuu zangu: maji ya kuoga yakiwa ya moto mno, nyumbani tunayapozaje? Tunachota ya baridi kwenye ndoo, tunachanganya. Naye alipoza vivyo hivyo. Makopo mawili kutoka kwenye ndoo, akajaribu kwa kiwiko, tayari. Akajaza chupa ya siku nzima, akamnywesha Bosi mafunda mawili, akambeba hadi uwanjani. Kesho yake akafanya hivyo hivyo, na keshokutwa.

Jumamosi Bosi aliamka anaharisha maji matupu na kutapika. Ilipofika saa nne macho yalikuwa yameingia ndani, na akilia hakuna chozi. Mama yake alichanganyikiwa. Alitoka na mtoto mkononi, akaenda kusimama mbele ya kibaraza cha Msusi, mbele ya wateja watatu.

"Umemlisha nini mwanangu?"

"Mimi?" Msusi aliacha msuko katikati.

"Mikono imejaa mafuta ya nywele, ndiyo hiyo hiyo unamlishia! Umeniulia mtoto!"

Chapuchapu alikuwa mlangoni kwetu, ameshika nepi. Mimi nilimwona akiitazama ile ndoo, kisha akatazama chini. Neno lilikuwa kooni. Akalimeza.

"Haya," Msusi akasema polepole. "Mungu amponye. Lakini kuanzia leo, mlango wangu msiujue." Mteja mmoja akachukua kanga yake, akaondoka na nywele nusu.

Tulifika hospitali saa sita. Bosi akawekewa dripu. Mkono wake ulikuwa mdogo hata muuguzi, yule yule wa kliniki, akahangaika kuupata mshipa, na kila sindano ilipokosa, Chapuchapu alifumba macho. Tukakaa. Saa kumi mtoto akafungua macho, akalamba midomo. Mama yake akaruka kwa furaha, akatoa chupa kwenye kikapu. Ilikuwa ile ile ya nyumbani.

"Mama, usimpe!"

Wodi nzima iligeuka.

"Una wazimu? Mtoto ana kiu!"

"Usimpe, mama. Hayo ... niliyapoza na ya ndooni. Siku zote."

Mama yake alibaki na chupa hewani. Hakumpiga, hakumgombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na asubuhi nilipokuwa namtukana jirani, ulikuwa wapi?"

Chapuchapu alijifunika uso kwa viganja.

Muuguzi aliichukua chupa ile, akaimwaga, akaleta dawa ya kuharisha iliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa. "Mimi ndiye niliyesema yapozwe," alikiri. "Kuanzia leo nitasema yaachwe yapoe yenyewe, yakiwa yamefunikwa, na yasiongezwe kitu."

Tulipotoka wodini hadi kwenye korido, Chapuchapu akaninong'oneza, "Lakini Bibi, maji yalikuwa masafi. Unaona hadi chini ya ndoo."

"Nikutegee kitendawili," nikamwambia. "Nina nyumba ya kioo. Ukichungulia haina mtu, kumbe wenyeji wamejaa hadi darini."

Aliwaza kidogo, machozi yakaanza kumtoka. "Maji, Bibi."

"Ndiyo. Wenyeji hao hawaonekani kwa macho, na dawa yao ni moto. Wewe uliwafukuza, kisha ukawafungulia wengine mlango."

Siku ya tatu Bosi aliruhusiwa, amekonda, shingo kama uzi, lakini mzima. Jioni hiyo mama na binti walivuka ua. Chapuchapu akapiga magoti kibarazani, akasema yote, hakuficha kitu. Mama naye akaomba radhi. Msusi alisikiliza huku akikunja uzi wa kusukia.

"Nimewasamehe," akasema. "Wateja wawili hawajarudi, wanasema mikono yangu inaua watoto. Bosi nampenda. Ila simshiki tena."

Akaingia ndani. Siku hizi mama anakwenda na Bosi kwa dobi, anamlaza kwenye kapu mbali na mvuke wa pasi, na Chapuchapu anatoka shule moja kwa moja kwenda kumchukua huko. Netiboli ameiacha. Maji anachemsha alfajiri, anayafunika, anayangoja yapoe.

"Bibi," aliniuliza juzi, "shangazi atamshika tena lini?"

Sikutaka kumdanganya. "Sijui, mwanangu. Kweli uliyoisema saa kumi ilimponya mtoto. Ungeisema saa nne, ingemponya na jirani."